Maneno ya Nyuma ya Jalada la Kosele Success

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, kabla sijawataja wengine kwa heshima zao, niruhusu nianze na mlio mmoja. Ni mlio mfupi: ndu! Mguu wa mtu umekanyaga ubao. Unasikika mara moja tu, sindano ikishatua kwenye santuri na mkwaruzo wa vumbi ukishatangulia, kabla magita hayajaingia. Na asiyeujua hupita juu yake kama apitavyo juu ya kokoto barabarani. Mimi nimeishi nao tangu utotoni, nyumbani Kosele. Nimefanya nao mitihani. Nimekwenda nao chuo kikuu na kurudi nao. Naweza kusahau sura ya mtu niliyezungumza naye jana, lakini mguu ule siusahau, kwa sababu ni mguu wa baba yangu.

Sasa nirudi kwenye utaratibu. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu wa heshima, Mheshimiwa Diwani, Chifu na wazee wa mitaa, Mzee Noordin, mwenyeji wetu, pamoja na jamaa yako yote, Mzee Elkana, uliyeketi kiti cha mbele na koti lako, wafanyabiashara wa Homa Bay, na wenzenu mliofika kutoka Migori na Ogwedhi, akina mama, nanyi vijana mliojaa madirishani kwa kuwa humu ndani hakuna nafasi: pokeeni salamu zangu. Jina langu ni Milka. Mimi ni mwalimu. Baba yangu alikuwa Nyamhanga, Mkuria wa upande wa Migori, mpiga gita la besi wa Kosele Success Jazz. Mama yangu ni Benta, Mjaluo wa Kosele. Nimeombwa niseme Kiswahili ili asiwepo mtu wa kumvuta jirani yake shati akiuliza, amesema nini? Kazi yangu, kwa mujibu wa ratiba, ni kuisifu kanda tunayoizindua leo, mwaka huu wa 1998, ambayo imezirudisha nyimbo za santuri ya mwaka 1979, kumshukuru aliyeitoa, kisha kuketi. Nitasifu. Nitashukuru. Kuketi nitachelewa kidogo.

Nianze na sifa, na ni sifa za kweli. Mzee Noordin alifika hapa kutoka Mombasa akiuza vitambaa, akawakuta watu wanne wakipiga muziki siku za soko, nyuma ya kinu cha posho pale Kosele. Ndugu zao wenyewe walikuwa wakiwaita wavivu. Yeye aliwapakia garini akawapeleka Nairobi, akakaa nje ya mlango wa studio kutwa nzima na saumu yake huku wao wakiimba ndani. Na mwenye kiwanda aliposema jalada la santuri libaki jeupe nyuma, Mzee Noordin alikataa. Alisema, "Shati lisilo na mgongo si shati, ni aproni. Andikeni kitu." Wakaandika. Mzee, kwa neno hilo ulinipa furaha kubwa kuliko nyingine zote nilizopata kuwa nazo, na naomba hadhira inivumilie niieleze, kwa sababu wengi wa vijana hawa hawajawahi kuishika mkononi.

Unalala kifudifudi sakafuni. Gramafoni iko juu ya kigoda. Santuri inazunguka, na huwezi kuiona ikifanya lolote zaidi ya kuzunguka. Lakini mikononi unalo jalada, pana kama sinia. Mbele kuna picha: wanaume watatu na mwanamke mmoja, suruali zimepanuka miguuni, wanatazama kitu ambacho hutakiona kamwe. Ukiishia hapo, umewaona. Ukiligeuza, unawajua. Herufi ni ndogo, zimebanana, wino umevuja kidogo pembezoni, karatasi inanuka gundi na moshi wa jikoni. Unasoma mstari mmoja, unasikiliza. Unarudi, unasoma tena. Jicho linalionyesha sikio pa kwenda.

Maneno yale aliyaandika Kerosi, mpiga ngoma, ambaye pia alikuwa karani wa bendi kwa sababu ndiye pekee aliyetembea na kalamu. Niliyajua kwa moyo, na sehemu kubwa ninayo hadi leo. Aliandika hivi: "Kishindo unachosikia kabla ya wimbo wa kwanza si kosa la mashine. Ni mguu wa Nyamhanga, wa kulia, bila kiatu. Kiatu kilibaki mlangoni kwa sababu fundi alisema kinalia kama mlango wa kanisa." Akaandika: "Solo ni ya Elkana. Ukidhani ni magita mawili, sikiliza tena. Ni moja, ila lina tamaa." Akaandika: "Sauti ya kike ni ya Liz. Mwisho wa wimbo wa nne anacheka. Fundi alitaka kukitoa kicheko. Tukamwambia akitoe mbele ya Liz mwenyewe, naye akabadili nia." Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote: "Kerosi: ngoma, pamoja na lawama zote za maandishi haya."

Jumapili, watu wakitoka kanisani, walipita kwetu kusikiliza. Wengi hawakujua kusoma, basi mimi ndiye niliyewasomea, wimbo ukiendelea. Nilijifunza kupima. Nikianza mstari wa Liz mapema, kicheko kinachelewa na watu wanabaki wamekodoa macho. Nikichelewa, kicheko kinanipita. Nilipopatia, maneno yaliisha na Liz akacheka papo hapo, na nyumba nzima ikacheka naye, na Liz mwenyewe, aliyekuwa amekaa mlangoni akimenya ndizi, akasema, "Huyu mtoto atanimaliza." Mzee Elkana alikuwa akisema kila mara, "Rudia hapo pa tamaa." Je, kuna shule iliyonifundisha Kiswahili kuliko jalada lile?

Siku moja nilimuuliza baba, "Tata, kwa nini ulikanyaga?"

Akasema, "Nilikuwa naogopa. Mtu akiogopa anakanyaga chini aone kama bado iko."

Mheshimiwa, ndugu zangu, hapo ndipo furaha inapoishia, na kwa kuwa ninyi nyote mmezika, sitawaeleza kana kwamba ni habari mpya. Kerosi alitangulia. Mnajua kawaida ya matanga yetu: muziki hupigwa, watu hukusanyika, wanacheza mpaka vumbi linafika kwenye paa. Kerosi alizikwa kwa santuri yake mwenyewe. Kisha Liz. Nilisimama karibu na sanduku lake wimbo wa nne ulipofika mwisho. Akacheka. Watu waliendelea kucheza, na mimi nilikuwa nimelishika jalada na mstari wake ulikuwa mbele ya macho yangu, na sikuusoma kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyeniomba.

Kisha baba yangu. Msemaji wa matanga alisimama mbele ya watu akasoma kwamba marehemu Nyamhanga aliugua malaria kwa muda mfupi. Muda mfupi! Sisi tuliokuwa tukimgeuza kitandani tulitazamana. Mama aliinamisha kichwa. Malaria gani hii, wapendwa wasikilizaji, inayoshika nyumba moja na kuirudia, ikitoka kwa mume inaingia kwa mke, ikitoka kwa mke inatazama mtoto mchanga? Mbu wake wanazaliana katika bwawa gani? Na kwa nini wilaya mbili nzima, Homa Bay na Migori, zenye walimu na wauguzi na wahubiri, zinakubaliana kila Jumamosi kusoma sentensi ileile juu ya kaburi jipya?

Baada ya maziko, ndugu za baba walichukua gita, gramafoni na santuri zake. Sisemi ili niwashtaki, ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo Mzee Noordin alipotangaza mwaka huu kwamba atazitoa nyimbo zile kwa kanda, na kuniomba nimsaidie kwa maandishi, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutafuta jalada moja ili ninakili maneno ya Kerosi. Nilidhani ni kazi ya wiki moja.

Hapa ndipo ninapotaka tujitazame. Sisi watu wa huku tuna tabia moja tunayoifanya kwa upendo. Tukipenda jalada la santuri, tunalibandika ukutani. Hatulifungi fremu, tunapika uji mzito wa mahindi, tunaupaka mgongoni, tunaligandamiza. Uso nje, mgongo ukutani. Nililiona jalada la Kosele Success kwa kinyozi hapa Homa Bay, uso nje. Nililiona kwenye baa Migori, uso nje. Dukani kwa Mzee Noordin mwenyewe yalikuwapo matatu juu ya mlango, uso nje, kisha rangi ya ukuta ikapakwa ikayafunika. Mwishowe nilifika Ogwedhi siku ya mnada wa ng'ombe, kwenye hoteli ya chai ya Mama Asli, na hapo nikakuta moja ambalo bado liling'aa.

"Mama Asli," nikamwambia, "naomba hiyo picha."

"Hao ni jamaa zako?"

"Huyu wa kushoto ni baba yangu."

Akanitazama, akaitazama picha. "Wallahi, pua ni hiyohiyo. Chukua. Lakini utatoka jasho, mwalimu. Hiyo nilibandika mimi mwenyewe. Hata mende wameshindwa."

Wauza ng'ombe wakaacha vikombe vyao wakawa mafundi. Mmoja alisema kisu, mwingine akasema maji moto. "Pole pole, dada," alisema mmoja, "hiyo si ngozi, ukivuta itakuja na nyumba." Tukatumia maji moto. Picha ilitoka nzima, na hoteli nzima ikapiga makofi. Nikaigeuza. Nyuma hapakuwa na kitu. Nikatazama ukutani: uji, wino na udongo vimekuwa kitu kimoja, kahawia, laini, kinanuka kama chungu kilichosahaulika. Nilitambua herufi moja, na sijui ilikuwa ya jina la nani.

Mama Asli aliniletea chai. "Sasa unalia nini? Si umepata picha?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Yeye hakufanya ubaya. Alimpenda mtu katika picha, akampamba ukutani, na katika kumpamba akafuta alichokuwa. Nilipokuwa nikirudi niliwaza: je, sisi makaburini tunafanya nini kingine?

Nikaenda kwa Mzee Elkana, kwa kuwa kati ya wale wanne ndiye aliyebaki. Anisamehe nikirudia maneno yake mbele yake. Tulikaa kivulini kwake, nikamsomea yote niliyoyakumbuka, naye akanijazia nilipokwama, akicheka na kukohoa. Tulipofika mwisho alisema, "Nyara, binti yangu, Kerosi aliandika watu wakiwa hai. Sasa wewe utaandika aje?"

Nikasema, "Nitaandika walichopiga, na kilichowapata."

Kuku walipita katikati yetu. "Na mimi?"

"Wewe unataka niandike nini, Mzee?"

"Mimi andika niko. Basi. Hiyo ingine ni yangu na Mungu."

Nimeandika hivyo. Jamaa za Kerosi niliwaendea, wakasema tafadhali, hapana, nimewaheshimu. Wa Liz hawakunijibu, nimewaheshimu pia. Kwao nimeandika walichopiga, jinsi walivyocheka, na kwamba hawapo. Lakini wa baba yangu walikuwa wawili tu wenye haki ya kusema, mama na mimi. Mama hayupo ukumbini leo kwa sababu hawezi kukaa muda mrefu kwenye benchi, na mnaelewa. Nilimwendea kitandani nikamweleza kwamba nikiandika la baba, nitakuwa nimeandika na la kwake, na watu wa soko watalisoma. Nilitumaini atakataa. Nasema kweli, nilitumaini hivyo. Aliniambia, "Andika, mwanangu. Nimechoka kuwa mjane wa malaria."

Nikampelekea Mzee Noordin karatasi. Mzee, naomba radhi, tulizungumza dukani kwako peke yetu, na sasa nazungumza mbele za watu. Lakini sisemi ambacho hukukisema.

Ulivaa miwani ukasoma hadi chini. Ukasema, "Binti yangu, kaseti si santuri. Kikaratasi chake ni kama kiganja. Picha imo, nyimbo zimo, shukrani kwa mgeni wa heshima zimo. Haya utayatia wapi?"

"Tutaikunja karatasi, Mzee."

"Watu hawanunui kaburi. Mtu ananunua wimbo acheze. Wewe unataka acheze juu ya hili?"

"Wamekwisha kucheza juu yake, Mzee. Matanga yote matatu."

Ulivua miwani ukaifuta kwa pindo la kanzu. Hukuwa na hasira. Ulisema, "Andika wamestaafu. Si uongo sana. Aliyekufa si amepumzika?" Kisha, kwa kuwa uliona uso wangu na ulitaka kunifurahisha, ukaniwekea kanda nisikilize, ukaniambia fundi wa Nairobi ameifanya kazi vizuri sana, ameondoa hata kelele ya mwanzoni.

Nikauliza, "Kelele gani?"

"Kishindo fulani. Kama mtu ameangusha kitu."

Nikasikiliza. Magita yaliingia moja kwa moja, safi kama maji ya chupa.

Ndugu zangu, simlaumu yule fundi. Angejuaje? Maneno yaliyokuwa yamwambie kwamba huo ni mguu wa mtu aliyeogopa yalikuwa ukutani Ogwedhi, yamegeuka uji. Simlaumu hata Mzee Noordin, aliyekaa nje ya mlango ule na saumu yake na pengine alikisikia kishindo chenyewe kupitia mbao. Miaka imepita, na duka lina mambo mengi. Hakuna aliyemwonea baba yangu. Ilitosha tu kwamba maelezo hayakuwapo, na mkono mmoja mwema ukasafisha.

Sisi tunaowapa watoto wetu majina ya waliokufa ili wasipotee. Sisi ambao mtoto akilia bila kukoma tunamtajia majina ya wafu mmoja mmoja mpaka anyamaze na tujue nani amerudi. Sisi hao, tumewezaje kuwa watu wasioweza kuandika kwamba fulani alipiga besi na fulani alikufa kwa nini? Tunaogopa nini ambacho hakijatufikia bado?

Mtasubiri niwape tumaini, kwa kuwa hotuba za hafla huishia hapo. Sinalo. Darasani kwangu kuna madawati ambayo nimeacha kuuliza yalikuwa ya nani. Mama yangu hatapona. Sidhani kwamba karatasi itamzuia mtu yeyote kufa, wala sidhani kwamba Jumamosi ijayo msemaji wa matanga atasoma sentensi tofauti. Nilisoma fasihi kwa miaka mingi nikiamini kwamba kilichoandikwa hubaki. Mama Asli alinionyesha kwamba hakibaki. Inategemea tu umekipaka uji upande gani. Nimesimama hapa kwa sababu nimeitwa, na kwa sababu kanda ni nzuri. Inunueni. Elkana anapiga humo kwa tamaa ileile.

Nakushukuru, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, kwa kuacha shughuli zako. Nakushukuru, Mzee Noordin, kwa gari lile, na saumu ile, na kwa nyimbo ambazo bila wewe zisingekuwapo za kukatwa wala za kutetewa. Nakushukuru, Mzee Elkana, kwa kuwa uko.

Na nilichobakiza ni taarifa, si ombi, maana jambo lenyewe limekwisha kufanyika. Maandishi yale nimeyachapa kwa mashine ya kurudufu, nikayakunja mara nne. Jana mchana, kanda zilipokuwa zimepangwa katika chumba cha nyuma cha ukumbi huu, niliingia nikatia karatasi moja katika kila kasha. Nilikuwa peke yangu, asitafutwe mwingine. Zile mlizozinunua mlangoni mkiingia, zinayo. Mkifungua nyumbani itawaangukia mapajani. Mstari wa baba yangu unasema alipiga nini, kwa nini alikanyaga ubao, na kwamba alikufa kwa Ukimwi. Na chini yake nimeandika jina langu lote, na shule ninayofundisha. Huenda mtasoma. Huenda mtafungia chumvi. Zilizosalia zipo pale mezani, Mzee wangu, na kama utaamua kuzitoa karatasi hizo sitakuzuia. Ila itakubidi ufungue kasha moja moja kwa mkono wako, na miwani unayo.

Kwa masikio mliyonipa, asanteni.